Ofa ya usiku mmoja, mteja wa mwaka mzima

Mgahawa umejaa mpaka watu wanasubiri nje. Je, wiki ijayo watarudi?

Hakuna neno linalomtoa mtu nyumbani haraka kama 'ofa'. Andika kwenye bango "Wawili kwa bei ya mmoja", weka picha ya kuku aliyekaangwa akaiva vizuri na mishumaa miwili pembeni, halafu tupia kwenye status ya WhatsApp. Jioni hiyo hutakosa watu. Mwezi huu nataka tujadili swali ambalo wenye migahawa wengi hujiuliza kesho yake asubuhi, wakati wanahesabu fedha za kaunta: wale watu walikuja kwa sababu yetu, au walikuja kwa sababu ya bei?

Mimi naishi Utemini, hapa Singida mjini. Huku si Masaki, ambako mteja mmoja akikasirika wanakuja wengine kumi wasiomjua. Huku tunajuana. Ukiboronga usiku mmoja, habari zinafika Misuna na Mandewa kabla chai ya asubuhi haijachemka. Na vijana wa rika letu wanaofungua migahawa wanaongezeka, wengi wakiwa na ajira zao za halmashauri, benki au hospitali. Mara nyingi ni mke na mume, au wachumba. Mtaji ni akiba iliyobaki baada ya harusi, mkopo wa SACCOS, au sehemu ya kiinua mgongo cha mzazi. Fedha ya namna hiyo haichezewi. Ndiyo maana ofa ya usiku mmoja, ambayo kwa mteja ni starehe tu, kwa wawili hao inaweza kuwa jambo la kuwanyima usingizi.

Mambo haya yalianzia wapi?

Kupunguza bei ni biashara ya zamani kama soko lenyewe. Lakini mtindo wa migahawa mingi kuungana na kuuza menyu maalumu kwa bei moja kwa siku kadhaa una historia yake. Julai 1992 jiji la New York, Marekani, lilikuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Tim Zagat, mchapishaji wa vitabu vya kuwaelekeza watu migahawa, na Joe Baum, mfanyabiashara mkongwe wa migahawa, wakaja na wazo kwamba migahawa mizuri iuze mlo kamili wa mchana kwa dola 19.92, bei inayofanana na mwaka wenyewe. Ilikusudiwa iwe mara moja tu. Watu wakaipenda, na miaka zaidi ya 30 baadaye wiki hiyo bado inafanyika, ikaigwa na miji mingi duniani.

Kwetu Afrika Mashariki, Nairobi ilianza wiki yake ya migahawa mwaka 2014, ikiandaliwa na EatOut. Kampala nao wanayo ya kwao. Utaratibu ni ule ule: menyu fupi, bei inayojulikana kabla hujatoka nyumbani, na siku chache tu.

Ukiangalia kwa makini utaona kitu. Kule New York hawakuuza menyu yao yote kwa nusu bei. Walitengeneza menyu nyingine, fupi, ambayo jikoni wanaimudu, kisha wakaipangia bei. Mgeni aliingia mahali ambapo siku zote alipapita akidhani si pa kwake, akaonja, akajua njia. Huo ndio mtaji wa ofa yoyote: kumwonjesha mtu ambaye hajawahi kuingia.

Anza na daftari, bango baadaye

Sasa tuingie jikoni. Chukulia mfano wa mgahawa mdogo wa hapa mtaani, unaouza mlo wa watu wawili kwa sh. 30,000. Nusu kuku wa kienyeji inamgharimu mwenye mgahawa sh. 9,000. Ugali au wali na mboga sh. 3,000. Mafuta, viungo na mkaa sh. 2,000. Vinywaji viwili sh. 2,000. Jumla sh. 16,000. Kwa bei ya kawaida anabakiwa na sh. 14,000 za kulipia pango, umeme, maji na mishahara.

Akitangaza nusu bei, mlo huo unauzwa sh. 15,000. Hapo kila meza inamla sh. 1,000 kabla hajamlipa hata mhudumu mmoja. Meza 20 zikijaa, hasara ni sh. 20,000. Ongeza sh. 100,000 za maua, mapambo na kijana wa muziki, usiku mmoja umeondoka na sh. 120,000. Na kadiri watu wanavyojaa, ndivyo anavyozidi kuumia. Wapo wanaoshangilia ukumbi kufurika bila kujua kwamba kila kiti kinachovutwa ni hela inayotoka mfukoni mwao.

Tuigeuze hesabu. Badala ya nusu bei, auze mlo ule ule kwa sh. 25,000 na aongeze kitu kidogo kinachopendeza: sahani ya matunda yaliyomwagiwa asali, na kikombe cha chai ya tangawizi mwishoni. Gharama inapanda kwa sh. 2,000 na kufika sh. 18,000. Kila meza inabakiza sh. 7,000, meza 20 ni sh. 140,000. Toa zile sh. 100,000 za mapambo na muziki, zinabaki sh. 40,000. Mishahara na pango bado havijaguswa, kwa hiyo hakuna aliyetajirika hapo. Ila hakulipia watu waje kula.

Faida yenyewe iko mbele. Kati ya wale 20, tuseme wawili wawili watano tu ndio wanaovutiwa na kurudi mara moja kwa mwezi kwa bei ya kawaida. Watano mara sh. 14,000 ni sh. 70,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni sh. 840,000. Linganisha na zile 40,000 za usiku wenyewe, utajua nguvu zako uzielekeze wapi.

Yaliyowakuta wenzetu

Usidhani wazungu hawaumii. Mwaka 2010 mgahawa mdogo wa kahawa uitwao Posies, katika mji wa Portland, Marekani, uliuza ofa kupitia Groupon, kampuni inayouza punguzo kwenye intaneti. Mteja alilipa dola 6 akapata vitu vya dola 13, na hata zile dola 6 kampuni ikachukua nusu yake. Ofa karibu 1,000 zikanunuliwa. Mama mwenye mgahawa alieleza hadharani kwamba yeye na mumewe walilazimika kuchota karibu dola 8,000 kwenye akiba yao binafsi ili walipe mishahara na kodi ya pango. Hakukosa wateja hata siku moja. Waliomuumiza ni wateja wenyewe, kwa bei aliyowaitia.

Wakubwa nao wamo. Red Lobster, msururu wa migahawa ya samaki unaojulikana Marekani nzima, mwaka 2023 waligeuza ofa yao ya kula kamba mpaka ushibe kwa dola 20 kuwa ya kila siku. Watu walikaa mezani wakala, wakaongeza, wakaongeza tena. Kampuni ikatangaza hasara ya dola milioni 11 katika robo mwaka mmoja, na ofa ile ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Mei 2024 ikaenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Haikuwa ofa peke yake, hata gharama za mapango ziliwaelemea. Lakini funzo limebaki: ofa isiyo na tarehe ya mwisho na isiyo na kipimo cha sahani inageuka kuwa bei yako mpya, na bei hiyo hukuipigia hesabu.

Kwa hiyo ukitaka kufanya bafe la 'kula utakavyo', fanya. Ila andika siku moja, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na nyama igawiwe na mpishi badala ya kila mtu kujichotea. Wali na mboga wajichotee wenyewe.

Siku gani ufanye?

Hapa wengi tunateleza. Valentine, sikukuu ya Idi, Krismasi, na ule mwisho wa mwezi mishahara inapoingia, watu wanatoka hata bila ofa. Kushusha bei tarehe 14 Februari ni kumpunguzia mtu ambaye tayari alishavaa viatu. Siku kama hizo weka menyu maalumu yenye bei kamili, pokea oda mapema, na uhakikishe huduma haiyumbi.

Ofa ihifadhi kwa siku za ukata. Kwa mji wetu ni zile Jumanne na Jumatano za katikati ya mwezi, wakati mhudumu anafuta meza ambayo haikukaliwa na mtu. Kodi ya pango ya siku hiyo unalipa, umeme unalipa, mpishi yupo. Mteja wa ziada siku hiyo, hata akikuachia sh. 7,000, ni afadhali kuliko kiti kitupu.

Singida ina bahati nyingine. Tupo kwenye njia panda ya barabara ya Dodoma kwenda Mwanza na ile ya kutoka Arusha kupitia Babati. Wageni wa semina na warsha wanalala hapa. Siku za mechi, mashabiki wanaingia mjini na njaa zao. Mgahawa wenye akili unakuwa na ratiba ya mechi na ya semina ukutani, pembeni ya kalenda.

Uza kilicho chako

Nimeona migahawa ya huku ikitangaza usiku wa piza na baga. Si vibaya. Lakini mgeni kutoka Dar es Salaam hakusafiri kuja kutafuta piza. Huko kwao kuku wa kienyeji kutoka Singida ndiye anayetafutwa na kulipiwa bei nzuri, na sisi tunaye hapa mlangoni. Tuna mafuta ya alizeti, tuna vitunguu, tuna asali ya Manyoni na Itigi. Tuna mlenda na ugali wa uwele na mtama, vyakula ambavyo bibi zetu walivipika vizuri na sisi tunavionea aibu mbele ya wageni.

Hebu fikiria 'Usiku wa Jiko la Singida' mara moja kwa mwezi: kuku wa kienyeji aliyechemshwa taratibu na vitunguu vingi, ugali wa mtama kwa anayetaka, mlenda, na kitindamlo cha asali. Vitu vyote vinapatikana karibu, kwa hiyo gharama zinashikika. Na mteja hawezi kulinganisha bei yako na ya jirani, kwa sababu jirani hana usiku huo. Ukikata bei ya chipsi kuku, kesho jirani naye anakata, mnabaki mnashindana kupata hasara.

Wahudumu wasipoelewa, ofa imekufa

Miaka michache iliyopita mimi na mume wangu tulitoka kwenye ofa ya Valentine, katika mgahawa ambao jina lake naliacha. Tuliagiza saa mbili usiku. Chakula kilifika saa nne na robo, kuku akiwa amepoa. Nilipomuuliza mhudumu, akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, si mmechukua ile ya ofa?" Hakuwa na nia mbaya yule binti. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, hajaongezewa hata mia, na aliambiwa kwamba wa ofa wasubiri wenye bei kamili wahudumiwe. Kwake sisi tulikuwa watu wa kusaidiwa. Hatujarudi pale, na rafiki zetu walitusikia tukiisimulia.

Baadaye nikasoma utafiti wa Utpal Dholakia, profesa wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, uliotoka mwaka 2010. Aliangalia biashara 150 zilizotoa ofa kupitia Groupon. Asilimia 66 zilisema zilipata faida, asilimia 32 hazikupata. Jambo mojawapo kubwa lililotofautisha makundi hayo mawili lilikuwa wafanyakazi: pale walipoifurahia ofa, biashara ilielekea kufaidika. Migahawa ilikuwa miongoni mwa waliofanya vibaya zaidi.

Basi kabla ya siku yenyewe, kaa na wahudumu na wapishi. Waonjeshe menyu, wajue kila sahani ina nini. Waambie kwa nini mnafanya ofa na mnategemea nini. Watengee posho ya usiku huo na nauli ya bodaboda, maana watachelewa. Hizo gharama ziingize kwenye hesabu ya bei tangu mwanzo.

Halafu usijaze kupita uwezo wa jiko. Kama mpishi anamudu meza 10 kwa wakati mmoja, gawa usiku mara mbili: wa kwanza saa 12 na nusu jioni, wa pili saa mbili na nusu usiku. Pokea oda kwa simu na malipo ya awali kidogo kwenye lipa namba. Mtu aliyelipa hata sh. 5,000 anakuja, na wewe unajua kuku wangapi wa kuandaa.

Mteja wa kila siku usimtupe

Yupo yule baba anayekunywa supu kwako kila asubuhi, na yule dada wa ofisini anayeagiza chakula cha mchana siku tano kwa wiki. Hao ndio wanaolipa pango lako. Siku ya ofa wanakuta viti vimejaa watu wasiowajua, wanaambiwa wasubiri. Unafikiri watajisikiaje?

Waambie wao kwanza, siku tatu kabla ya bango kutoka. Wawekee meza. Haigharimu kitu, na inawafanya waje na wenza wao ambao pengine hawajawahi kupajua unapokula mume au mke wao mchana.

Na tuwe wakweli kwenye matangazo. Kupandisha bei Jumatatu ili Ijumaa uandike kwamba umeshusha ni kumpotosha mlaji, jambo ambalo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inalikataza. Mbali na sheria, Utemini hii watu wanakumbuka walilipa ngapi wiki iliyopita.

Asubuhi ya pili

Kazi ya ofa inaendelea wateja wakishaondoka. Wakati wa bili, mhudumu aulize kama mteja angependa kupata taarifa za menyu mpya. Akikubali, aandike namba yake. Akikataa, mshukuru. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023, na namba ya simu ya mtu si mali yako ya kugawa au kutupia kwenye kila grupu la WhatsApp.

Kesho yake mtumie ujumbe mfupi wa shukrani. Wiki mbili baadaye, mkaribishe kwa jambo dogo lisilogusa bei: "Jumatano tuna mlenda na kuku, tukuwekee meza?" Kisha weka daftari la watu wangapi wa usiku ule wamerudi kwa bei ya kawaida. Baada ya miezi miwili daftari hilo litakuambia kama ofa yako inafaa kurudiwa. Kama hakuna aliyerudi, tatizo liko kwenye chakula au huduma, na kushusha bei zaidi hakutalitibu.

Kwa wawili mnaoendesha pamoja

Ofa nyingi mbaya zinazaliwa nyumbani. Mmoja anaogopa ukumbi mtupu, anatangaza nusu bei bila kumwambia mwenzake. Mwingine anakuja kugundua hela ya ada ya mtoto imenunua kuku. Ugomvi unaoanzia hapo unakaa ndani ya nyumba muda mrefu kuliko ofa yenyewe.

Kubalianeni mambo matatu kabla ya kuchapisha chochote: kiasi cha juu mnachokubali kupoteza, fedha hiyo inatoka wapi, na nani mwenye neno la mwisho jikoni usiku huo. Andikeni, wote wawili msaini. Na fedha za ada, kodi ya nyumba na dharura ya hospitali zikae kwenye akaunti ambayo mgahawa hauigusi, hata meza zikikaa tupu mwezi mzima.

Na wewe msomaji ambaye huna mgahawa ila unapenda mtoko wa bei nafuu, una sehemu yako. Ukipenda chakula cha watu, rudi siku isiyo na ofa. Mwachie mhudumu chochote. Mwambie mwenye mgahawa kilichokufurahisha na kilichokuudhi, mbele yake, badala ya kukipeleka kwenye grupu. Jumatano moja mwezi ujao, mpigie mwenza wako simu, mwende mkale kwa bei kamili. Mtawakuta wahudumu wana nafasi, kuku ni wa moto, na mna muda wa kuzungumza.